Meneja Aliyenyimwa Utani

Katika msiba wa Pankrasi Nyoni, Edwin Mhapa alitaka kitu kimoja: atukanwe.

Alikuwa na haki hiyo. Mhapa ni Mhehe wa Kilolo. Marehemu alikuwa Mngoni wa Namangulu, kijiji cha wakulima wa mahindi na ufuta unachokifikia ukitoka Songea na kuipita Hanga. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita ambavyo hakuna aliye hai aliyeviona, na ambavyo kila upande unasema ulishinda. Mtani akifika msibani hapewi pole wala kiti. Anapokelewa kwa matusi, anapewa jembe, anaiba kuku, anaigiza marehemu alivyotembea na alivyokohoa, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Mhapa alikuwa ameyafanya hayo yote katika ua uleule miaka michache nyuma, alipofariki mama yake Pankrasi. Alijilaza ndani ya kaburi na kukataa kutoka mpaka aletewe jogoo. Pankrasi alimletea kifaranga. Watu wa Namangulu waliisimulia habari hiyo mpaka ikawa kama sehemu ya historia ya kijiji.

Safari hii hakuwa na uhakika kama angepewa jembe.

Mhapa ana miaka hamsini na miwili, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyolingana na mwili wake. Ni meneja wa Pori la Lihangwe, eneo la wanyamapori lililo chini ya taasisi moja ya serikali. Ofisi yake iko Songea mjini, pori liko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, na katika umbali huo ndimo ilimo kazi yake yote. Alianza akiwa askari wa doria, akilala porini wiki nzima kwa unga na dagaa. Akasomeshwa chuo cha wanyamapori, akarudi na cheo, kisha cheo kingine, na kila cheo kikamsogeza mbali kidogo na wanyama na karibu kidogo na simu.

Bango lililo ukutani kwake linasema kazi ya meneja ni kulinda wanyamapori na kujenga uhusiano mwema na jamii. Kwa vitendo ni kupokea lawama. Tembo wanapita Lihangwe kwenda Msumbiji na kurudi, kama walivyopita kabla ya mpaka kuwapo. Serikali ileile iliyochora mapito yao kwenye ramani ndiyo iliyoviandikisha vijiji juu ya mapito hayo. Mhapa alikuta yote mawili yameshafanyika, akalipwa mshahara wa kusimama katikati.

Mara ya kwanza alipofika Namangulu, mwaka 2013, mkutano ulikuwa umenuna. Watu walikuwa wamepoteza mahindi ya msimu mzima, na vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya mawe ambayo hawakuyachagua kwa ajili ya kukalia tu. Alisimama, akataja jina lake. Kutoka nyuma ikatoka sauti nyembamba ya mwanamume:

"Mhapa? Huyo si Mhehe? Mwenyekiti, simamisha mkutano kwanza, watu wakafungie mbwa wao!"

Mkutano ulilipuka kwa kicheko, maana Wahehe husingiziwa kula mbwa, kama Wangoni wanavyosingiziwa panya. Mhapa alingoja kelele zipungue.

"Msihangaike," akasema. "Nimeshakula njiani. Nilipoona shamba zima halina hata panya mmoja aliyebaki, nikajua nimefika kwa Wangoni."

Vijana walishuka kwenye mawe. Sauti ilikuwa ya Pankrasi Nyoni, mkulima mfupi mwenye kofia ya kijani asiyekuwa na cheo chochote kijijini. Tangu siku hiyo Mhapa aliweza kufanya kazi Namangulu. Katika vijiji viwili vya jirani gari lake lilitobolewa matairi. Huko Namangulu lilipewa ndizi. Makao makuu walikitaja kijiji hicho kwenye vikao vyao kuwa mfano wa mafanikio ya mpango wa ushirikishaji jamii. Hakukuwa na mpango. Kulikuwa na mdomo wa Pankrasi.

Hata taarifa za tembo zilikuja kwa mdomo huo. Wakionekana karibu na mashamba, Pankrasi alipiga simu.

"Mhehe, wakwe zako wamekuja kudai mahari. Wameanzia kwenye mahindi."

"Wapikie, wasije wakasema Wangoni wachoyo," Mhapa alijibu, na gari likatoka na askari wenye mabomu baridi, yale ya mlio na moshi tu, wakafika kabla jua halijazama. Hawakuwahi kukubaliana kwamba iwe hivyo. Wala hakuna aliyewahi kutamka neno "tafadhali", kwa sababu mtani anayemsihi mtani wake kwa sauti ya kawaida ameshindwa, na angekumbushwa kushindwa huko mpaka afe.

Aprili mwaka jana ofisi ilikuwa na magari mawili. Moja lilikuwa juu ya mawe, likingoja giaboksi tangu kabla ya masika. Jingine, Landkruza, liliagizwa kwa simu kutoka juu lioshwe na lisitumwe popote, kwa kuwa walikuwa wanakuja wageni kukagua lango jipya la pori. Lango lilikuwa na tembo wawili wa saruji, mmoja kila upande, waliopakwa rangi ya kijivu juma hilohilo. Mhapa alikuwa amesimama chini ya mkonga wa mmoja wao, alasiri, akiwaeleza wageni gharama za ujenzi, simu ilipoita.

"Mhehe! Wakwe zako wamerudi. Wamekaa kwenye korongo wananitazama kama wananidai."

"Si unadaiwa? Wapikie."

"Nipike nini, na ghala wanalijua kuliko mke wangu? Njoo uwatambulishe, mimi Kihehe sijui."

"Leo nina wageni wakubwa kuliko hao."

"Wakubwa kuliko tembo?"

"Wanakula zaidi."

Pankrasi alicheka kwa sauti iliyomfikia mgeni wa karibu, naye akatabasamu bila kujua anatabasamia nini. "Haya, Mhehe. Nitawaambia wakungoje."

Msaidizi wake, Noela Kinunda, Mmatengo wa Mbinga aliyezoea kuyasikia mazungumzo hayo, alimsogelea akauliza kama askari wawili wapande bodaboda na mabomu yao. Mhapa aliitazama Landkruza iliyokuwa inang'aa, na askari waliopangwa mstari kwa ajili ya picha.

"Kesho asubuhi mapema," akasema.

Alfajiri Pankrasi aliingia shambani na debe na fimbo kuwafukuza. Kundi lilikuwa limeshaondoka, isipokuwa jike mmoja mwenye ndama, aliyebaki katikati ya mahindi marefu. Majirani walilisikia debe, kisha hawakulisikia tena. Gari la meneja lilifika saa mbili asubuhi, kama alivyoahidi.

"Kama hali ilikuwa mbaya angesema," Mhapa alimwambia Noela njiani kurudi mjini.

"Angesemaje, bosi?" Noela aliuliza. "Kwako wewe?"

Kwa miaka miwili Mhapa alikuwa ameomba kibali cha kumuua tembo jike mmoja mwenye sikio lililochanika, ambaye kila msimu alikuwa anazidi kuwazoea watu. Kila mara alijibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Mchana wa siku ile aliyokufa Pankrasi, kibali kilitolewa kwa simu, kabla jeneza halijatoka kwa fundi. Kesho yake askari walimpiga risasi tembo karibu na kijito. Sikio lake lilikuwa zima. Nyama iligawiwa kijijini kwa mizani. Nyumba ya Pankrasi haikutuma mtu kuchukua.

Mazishini Mhapa aliacha sare nyumbani. Alivaa koti kuukuu na mabuti ya mpira, mavazi ya mchimba kaburi, akamwambia dereva aegeshe mbali ili watu wasione namba za serikali. Alikuwa amewaza njia nzima aanze vipi. Alipoingia uani alipaza sauti:

"Yuko wapi Mngoni mwoga? Kasikia Mhehe anakuja, kajificha kwenye sanduku!"

Kwa desturi, hapo ndipo maji ya vyombo hurushwa na mtu hupigwa kwa ufagio. Watu walitazama chini. Bibi mmoja aliyekuwa amefungua kinywa alikifunga. Kutoka kwenye mikeka ya wanawake akainuka Benigna, mjane, taratibu, akamjia na kumpa mkono, mkono wa pili ukiwa umeshika kiwiko chake, kama anavyopokewa askofu.

"Karibuni, mheshimiwa. Poleni na safari."

"Benigna—"

"Tunashukuru mmepata nafasi. Egidi, mletee mheshimiwa kiti."

Egidi ni mdogo wake Pankrasi. Huyu ndiye aliyemvuta Mhapa miguu kumtoa kaburini wakati wa msiba wa mama yao, akimwita fisi aliyeshiba. Alileta kiti cha plastiki, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akakiweka chini ya turubai, kati ya diwani na ofisa tarafa.

Mhapa hakukaa. Alikwenda makaburini walikokuwa wanachimba, akashika mpini wa jembe lililokuwa limelala. Egidi alikuwa amemfuata. Aliushika mpini huohuo, bila kuuvuta.

"Tutachimba wenyewe, mheshimiwa. Mtachafuka."

"Egidi, mimi ni Mhehe."

"Tunajua."

"Basi niache nimchimbie mtani wangu."

"Nyie ni serikali, mheshimiwa," Egidi alisema, kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Mmeandaliwa nafasi ya kutoa salamu baada ya misa."

Akazitoa. Alisema serikali imepokea taarifa hizi kwa masikitiko makubwa, inaungana na familia katika kipindi hiki kigumu, na inaendelea kuchukua hatua. Maneno hayo alikuwa ameyatumia katika misiba ya vijiji vingine na aliyajua kwa moyo. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, watu walimpigia makofi.

Kwa miaka mingi Mhapa alikuwa ameomba uhamisho wa kurudi Iringa, karibu na mashamba yake na mama yake mzee. Uhamisho ulikuja wiki ya tatu baada ya mazishi. Mkewe, Rosemary, muuguzi, alianza kufungasha vyombo. Mhapa akaomba asogezewe tarehe.

"Unangoja nini?" Rosemary aliuliza.

"Arobaini."

"Walikuambia nini msibani?"

"Hawakuniambia kitu. Walinishukuru."

Rosemary ni Mpangwa, na Wapangwa wanalielewa jambo hili la utani. Alifungua tena boksi la sufuria.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Msibani uchungu ulikuwa mbichi. Arobaini ndiyo siku ya kumaliza tanga, na hakuna namna ya kumaliza tanga la Mngoni bila mtani. Lazima mtu aingie jikoni kuiba nyama. Lazima mtu aseme marehemu alikuwa mlafi. Mhehe mwingine Namangulu hakuwepo, kwa kadiri alivyojua. Wangemhitaji. Hakutaka kusamehewa, alimwambia Noela, kwa sababu hakuona nani ana mamlaka ya kusamehe kitu kama kile. Alitaka wamtukane, amalize, aondoke.

Alifika mapema, padri akiwa bado hajavaa mavazi ya misa. Kiti kilikuwa kimeshawekwa.

Baada ya misa, vilio vya mwisho vilipokwisha, kelele zikazuka jikoni. Msichana wa miaka kama ishirini na mitano alitoka mbio na mfuniko wenye nyama, wanawake sita wakimfukuza. Walimkamata penye tanuri la matofali, wakampaka majivu usoni, wakamfunga kanga kiunoni. Alikuwa Violeth, mwalimu mpya wa shule ya msingi, aliyepangiwa Namangulu Januari akitokea Mufindi. Mhehe.

"Mwizi! Mla mbwa!"

"Nimekuja kuchukua deni!" Violeth alipiga kelele, mdomo umejaa. "Pankrasi mwenyewe kaniambia! Kanituma, kasema mke wake hajui kupika, kule aliko angalau anapumzika!"

Benigna alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, kisha akalia, kisha akacheka tena, na ua mzima ukacheka naye. Egidi alimpiga mwalimu kwa ufagio mgongoni. Mhapa naye alicheka pale alipokaa, akasogea mbele ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka.

Violeth alimwona. Alikuwa ameambiwa kwamba meneja ni mtu wa kwao, na hakuwa ameambiwa zaidi.

"Kamwene, baba Mhapa!" alimwita kwa salamu ya Kihehe, akinyoosha mikono yenye majivu. "Njoo unisaidie, Wangoni wananimaliza!"

Kicheko kilikatika. Mhapa alikuwa ameshasimama.

Benigna alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mwache, mwalimu," akasema. "Huyo ni mgeni wetu."

Akamgeukia Egidi, akamnong'oneza, na Egidi akaingia ndani. Alirudi na soda kwenye sinia, imeshafunguliwa, na mrija ndani yake. Aliinama kidogo na kuipeleka kwa mikono miwili. Mhapa aliipokea. Nyuma ya Egidi wanawake walikuwa wameshamrudia mwalimu, na mmoja alikuwa anamdai aeleze ni nani aliyeshinda vita.

Mhapa alikaa, akainywa soda yote, kwa sababu ingekuwa dharau kuibakiza.