Bibi Alipokataa Kusema Mbili

Jibu la bibi lilitugharimu gunia zima la mahindi. Nimelipigia hesabu mara mbili, rafiki yangu, na mara zote mbili ni hasara.

Nimelikumbuka juzi, kijana mmoja aliponikuta dukani kwangu Garsen, simu mkononi, akaniuliza: kutoka sufuri hadi kumi, umeridhika na maisha kiasi gani? Duka limejaa, nyumba ni ya mawe. Nikamwambia arudi kesho.

Swali lilo hilo aliulizwa bibi, mwaka ule mto Tana ulipofurika kwa mvua ya Elnino. Nyumba yetu ya nyasi ilikwenda na maji, ng'ombe wengi nao. Tukahamia penye mwinuko, mbu wengi kuliko watu. Asubuhi ya pili wanawake wakaja bila kuitwa, hawa na fito, hawa na mikeka ya kuezekea, wakiimba na kutaniana. Mpokomo mmoja, mkulima wa kijiji cha Kulesa na rafiki wa bibi, akaja na mtumbwi na mkungu wa ndizi. Kufikia adhuhuri bibi alikuwa na nyumba, inanukia majani mabichi na chai ya moshi.

Baadaye akaja mwenye maswali, mtu wa shirika la misaada, viatu mkononi, matope hadi magotini. Ndani unga ulikuwa wa kukwangua, na kila mtu aliamini atajaye nambari ndogo ndiye atakayeletewa chakula.

"Mama, sema mbili!" jirani akanong'ona. "Mimi nimesema moja, na nimelia kidogo."

"Kumi ni ya Mungu," bibi akamwambia mgeni. "Andika nane."

"Nane, bibi? Na nyumba imechukuliwa na maji?"

"Na hii uliyokalia ni nini? Niseme mbili, na walioijenga wananisikia?"

Nikamvuta leso, nikamnong'oneza tano. Hata nne tungeelewana. Akanifinya bila kunitazama.

Mahindi yalipofika, jirani alipata gunia, sisi gorogoro moja, kopo la kilo mbili. Labda nambari haikuhusika. Jioni jirani akaita, "Haya, Mama Nane, leta sufuria!" Bibi akacheka kuliko wote.

Bibi hayupo. Pale mwinukoni sasa ni mabati na makufuli, na nyumba yangu ilijengwa na mafundi wa kulipwa kwa siku. Nimejaribu kuhesabu watakaokuja na fito bila kuitwa, maji yakinichukulia hii. Kila nikirudia hesabu, inapungua. Nishauri basi, wewe uliyekulia huko: watu wale hupatikana wapi siku hizi, na bei yao ya mwisho ni ngapi?