Kidole Chenye Krimu

Kila asubuhi, kabla ya kupamba keki ya kwanza, mwoka keki huchovya kidole kidogo kwenye bakuli la krimu, hukiinua kuelekea mdomoni, kisha hukisimamisha hewani. Hukifuta kwenye aproni na kumwita binti wa kaka yake anayeishi naye.

"Njoo uonje wewe. Ikiwa tamu mno sema, usinionee haya."

Zamani hakuhitaji wa kumwonjea. Alionja mwenyewe, bakuli baada ya bakuli, na chai yake ilikolea sukari hadi mumewe, fundi wa majokofu, akawa anamtania.

"Mke wangu, hiyo ni chai au shira?"

"Kunywa yako, baba. Mwoka keki anywe chai chungu, nani atamwamini?"

Kisha kukaanza kuwashwa. Alinunua dawa ya fangasi dukani, akapata nafuu. Mwezi haukuisha, fangasi wakarudi. Alibadilisha sabuni. Alichemsha nguo za ndani na kuzianika chini ya shuka, asizione mtu. Kwenda zahanati kusema anawashwa wapi, aibu ilimzuia. Alijiaminisha jambo moja tu: ugonjwa wa huko lazima uwe na mtu aliyeuleta. Na mumewe kutwa alishinda kwenye majiko ya wanawake wengine.

"Jokofu gani hilo linatengenezwa mara tatu?" alimuuliza jioni moja, mikono kiunoni.

"Kompresa yake mbovu."

"Hiyo kompresa ina jina?"

Mume akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mwenzake hacheki, akaapa. Hakuaminiwa. Siku aliyoitwa mzinzi mbele ya kaka wa mkewe, alibeba sanduku lake la spana akaondoka. Mlangoni alisema tu, "Jokofu lako likianza kuvuma, usiliache. Niite."

Hakumwita. Nyumba ikabaki bila mwanamume, na fangasi wakarudi vilevile. Hapo ndipo alipojiuliza. Kama ni mume aliyekuwa akiwaleta, sasa wanaletwa na nani?

Alijikaza akaenda zahanati, na muuguzi akampima sukari.

"Mama, hujafika kwenye kisukari, ila uko njiani. Sukari ikizidi mwilini, hao fangasi wanastawi."

"Kwa hiyo hakuniletea mtu?"

"Mara nyingi hawaletwi na mtu. Kwani unafanya kazi gani?"

Alipoitaja, muuguzi alitabasamu. Yeye akalia.

Siku hizi chai yake haina sukari, jioni anatembea hadi viatu vimelika upande, na kuwashwa kumekoma. Lakini jokofu limeanza kuvuma. Leo, binti akiwa bado na krimu mdomoni, amelisikiliza, akamgeukia.

"Shangazi, kwa nini humpigii simu?"

"Kwa sababu atakuja, mwanangu. Atakuja leo leo na sanduku lake, tena hataniuliza neno. Uso wangu nitauweka wapi?"