Buti Lililokuwa na Wenyewe

Mtaa mzima ulimwita Bi Reki, hata mumewe, fundi cherehani, alikuwa karibu asahau jina alilomwolea. Kazi yake katika halmashauri ilikuwa kukisafisha kijito kinachopita nyuma ya karakana za mtaa huo. Gogo likianguka, analitoa. Tawi likinasa, analivuta kwa reki yake ya meno marefu. Maji yalipita yamenyooka kama uzi, naye akitembea kando yake kifua mbele.

Asubuhi moja msimamizi wake akaja na lori limesheheni magogo.

"Bi Reki, haya yanaingia majini."

Akacheka, akidhani ni utani. Msimamizi hakucheka.

"Yanaingia wapi?"

"Majini, mama. Na mawe pia. Muulize huyu."

Huyu alikuwa binti mtaalamu wa samaki, amevaa suruali ya mpira mpaka kifuani. Akaeleza kwa adabu kwamba samaki wa asili wa kijito kile walibaki wachache mno. Maji yalikwenda mbio, na wao hawakuwa na pa kujificha wala pa kuzalia.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewafukuza, mwanangu?"

"Hapana, mama. Wewe ulifanya ulichoambiwa."

Jibu hilo likamchanganya zaidi. Alishika ncha ya gogo la kwanza, akalisukuma ndani, na mikono ikawa kama inaiba.

Nyumbani, mumewe alisimamisha cherehani amsikilize vizuri. "Juzi toa, leo tia! Mimi nikishona suruali asubuhi na kuifumua jioni, si mtanipeleka kwa daktari?"

Bi Reki alitaka kucheka, asiweze.

Mazoea yana taabu. Wiki chache baadaye aliona lundo la matawi limejibana nyuma ya gogo, na kabla akili haijafika, reki ilishafika. Alipomaliza kulitandaza ukingoni, binti akatokea, akashika kiuno.

"Mama, nani katoa?"

"Mimi. Si uchafu?"

"Uchafu huo ndio nyumba yao!"

Wakalirudisha pamoja, kila mmoja kanuna. Mwishowe binti akalainika. "Tufanye hivi. Kilichoota, kiache. Kilichotoka kiwandani, toa."

Hapo Bi Reki akashusha pumzi. Angalau alikuwa amepata pa kushika. Akatoa chupa, mifuko, kiti kisicho na mguu. Kisha akaona buti la mpira limelala kati ya mawe mawili. La kiwandani, halina mjadala. Akaliinua, akalipindua kidogo amwage maji.

Samaki mdogo, mwenye madoa, akachomoza kichwa mdomoni mwa buti, akamkodolea macho. Nyuma yake mayai yamegandana ndani ya mpira.

Bi Reki alilirudisha haraka kama aliyeshika kaa la moto. Akasimama katikati ya maji, reki mkononi, asijue aende mbele au arudi nyuma. Akampigia binti simu.

Binti alipiga magoti, akachungulia muda mrefu.

"Haya, mwanangu. Linatoka au linabaki?"

"Mama, usiniulize. Hata mimi limenishinda."

Wakalikandamiza kwa jiwe lisichukuliwe na maji. Msimamizi alipopita kukagua, alilinyooshea kidole. "Bi Reki, na hilo buti?"

"Liache, lina wenyewe."

Msimamizi alimtazama kama mtu aliyepatwa na jua kali, akaenda zake.

Vifaranga walitoka, wakatawanyika chini ya magogo. Kila akiinama, Bi Reki huwaona wakipenya kwenye matawi. Anafurahi, ila furaha yenyewe haimkai sawa, maana hajui kama maisha yake yote alisafisha au alibomoa. Siku hizi haokoti kitu bila kukichungulia kwanza. Juzi mpita njia alimkuta ameinamia ndoo iliyopasuka.

"Mama, umepoteza nini?"

"Sijui," akajibu, bila kuinua kichwa. "Ngoja kwanza niangalie."