Nukta za Shemeji na Meseji za Mama

Dada yangu aliolewa na Mwislamu, fundi wa simu huko Kericho mjini. Mama alikuwa hajakanyaga kwao. Jirani alimwambia Kurani ya zamani si ya leo, na mtu ambaye kitabu chake hubadilika, naye atabadilika. Mtoto wa dada alishaanza kukaa, Mama hajambeba bado.

Jumapili moja shemeji alikuja kwetu Kimulot. Mama alimpa chai, kisha akakaa mbali, kimya. Mimi huona haya mbele ya wageni, lakini kile kimya kilinishinda. Nikamuuliza shemeji habari ya kitabu. Mama akanitolea macho.

Shemeji alicheka tu. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya ukurasa wa zamani sana, wa ngozi, halafu ukurasa huohuo katika msahafu wa siku hizi. Ule wa sasa ulijaa nukta na alama ndogo juu na chini. Wa zamani ulikuwa karibu mtupu.

"Hii herufi bila nukta inaweza kuwa be, te au nuni," alisema. "Tahajia pia imepishana kidogo hapa na pale. Lakini maneno ndiyo haya tunayosoma."

"Sasa walikuwa wanajuaje?" Mama akauliza, akisogeza kiti.

"Walishika kwa moyo, Mama. Maandishi yaliwakumbusha tu."

"Kama mimi na nyimbo za kanisa."

Hapo nikakumbuka meseji za Mama. Sisi Wakipsigis, b na p hutuchanganya, hata d na t. Nikampa shemeji simu ya Mama asome aliyomwandikia dada: "Usimpepe mtoto kwa paridi. Abate tawa."

Shemeji akasoma bila kukwama: "Usimbebe mtoto kwa baridi. Apate dawa."

Mama akashika mdomo. "Wewe! Nani alikufunza kusoma meseji zangu?"

"Zote tunazisoma pamoja na mke wangu, Mama. Nikisoma nasikia sauti yako."

Mama akaingia ndani kutafuta leso. "Kaa hapo," akamwambia. "Tunaenda na wewe Kericho."

Jioni hiyo, kwa dada, mtoto alipokabidhiwa kwa nyanya yake alipiga kelele hadi majirani wakachungulia. Tulipotaka kumchukua, Mama hakumwachilia. Alimtikisa taratibu huku akitucheka.

"Mwacheni," alisema. "Huyu analia Kikipsigis kabisa."