Bibi na Kioo Siku za Eda

Msichana anayetufundisha mazoezi hapa Nizwa ana tabia moja inayonichosha. Kila nikinyanyua chuma, anakuja kunisimamia nyuma na kuniambia nisitazame chini, nijitazame kiooni. Ukumbi wenyewe, kwa taarifa yako, ni vioo kuta tatu, kutoka sakafuni mpaka juu, na sisi wanawake wa makamo tumejipanga mbele yake tunatweta. Anasema mtu akijiona anapata nguvu. Huenda. Mie wiki iliyopita nilijitazama kama alivyoagiza, na badala ya nguvu nikaikumbuka nyumba ya bibi yangu kule Ibra, mwaka ule nina miaka kumi, vioo vyote vya nyumba vimefunikwa kanga.

Bibi huyu ni mzaa mama. Alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima na mumewe na watoto, na mpaka anakufa Kiarabu chake kilikuwa cha kununulia vitu tu. Alikuwa mwanamke wa kujipenda, na sisemi kwa ubaya. Kila siku baada ya sala ya alasiri alifunga mlango wa chumba, na alipoufungua alikuwa mtu mwengine: wanja umetiwa, kanga imepigwa pasi, nguo zanukia udi, nywele zimepakwa mafuta ya nazi na kulazwa nyuma. Nywele hizo alizipaka hina, zikawa na rangi ya kahawia inayokaribia wekundu. Mvi zake hakuna aliyewahi kuziona. Mama yangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa, alikuwa akisema labda hanazo.

Na alikuwa akitembea. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, alifuata mfereji wa falaji mpaka mwisho wa mashamba ya mitende akarudi, mgongo umenyooka, mikono akiirusha. Majirani walimshangaa. Wakati ule mwanamke wa umri wake akitoka nyumbani alikuwa anakwenda mahali, hatembei kwa ajili ya kutembea. Bibi akiulizwa alijibu kwamba anaunyoosha mgongo usije ukajikunja kama wa fulani, na fulani mwenyewe wakati mwengine alikuwa amekaa pale pale.

Ijumaa jioni ilikuwa zamu ya kichwa changu kusukwa, kwa sababu skuli tulikuwa tunaanza Jumamosi. Nilikaa chini baina ya magoti yake, chanuo la mti likipita kichwani mpaka machozi yananilenga, harufu ya mafuta ya nazi imechanganyika na ya samaki wa kupaka jikoni. Akimaliza, alinipa kioo kidogo cha mviringo chenye ukingo wa plastiki ya kijani, alichokinunua kwenye soko la wanawake la Jumatano, akasema, "Haya, mtazame mwenzako." Nisipojitazama hakuniachia niinuke.

Nilikuwa nakihitaji hicho kioo kuliko alivyojua. Darasani kwangu wasichana walikuwa na nywele za singa zinazowafika kiunoni, na zangu za kipilipili. Waliniuliza, bila ubaya mkubwa, kama maji yanapita. Mmoja alikuwa akizibonyeza kwa kidole ili azione zikirudi. Nikimwambia bibi, alikuwa na jibu moja tu: "Kichwa juu. Ukiinama ndiyo kwanza watautazama utosi." Basi Jumamosi asubuhi niliingia skuli na mistari yangu imenyooka, inang'aa, shingo nimeikaza mpaka mwalimu akadhani naumwa. Kufika Jumatano mistari imeshaanza kufumuka, na ushujaa wangu nao.

Babu akafariki mwanzo wa joto, tende zikiwa bado kijani mitini. Bibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane hatoki nje, havai rangi, hatii wanja wala hina, na manukato hayagusi. Kuhusu vioo, waliofunika ni wanawake waliokuja matangani. Walitoa kanga kabatini wakafunika kabati la kioo la chumbani, kioo cha ukumbini, mpaka kile cha chooni, na hakuna aliyeuliza wamelisoma wapi hilo. Bibi alikuwa amekaa kitako kwenye mkeka, kavaa nyeupe.

Mama yangu alifanya kazi ofisini na kurudi hoi, kwa hivyo likizo ile ya skuli kazi ya kichwa cha bibi iliniangukia mie. Tuligeuka: yeye chini, mie juu ya kitanda na chanuo mkononi. Nilikuwa sijui kusuka. Mistari yangu ilianza paji la uso na nia njema, ikifika katikati ilikuwa imeshapotea njia. Bibi alinielekeza kwa mkono bila kugeuka, "Kaza hapo. Hapo umelegeza." Na hapo ndipo nilipoziona mvi, kwenye mashina, chini ya hina. Mwanzo zilikuwa kama uzi. Baada ya mwezi na kitu zilijaa upana wa kidole changu. Kalenda sikuihitaji, eda nilikuwa naipima kwa kidole.

Siku hizo bado alikuwa mzima wa moyo. Falaji hakuiweza, lakini alfajiri alitembea uani, ukuta mpaka ukuta, nikimsikia kandambili zake. Alilia kwa babu, akaacha, akalia tena, kama watu wote. Chakula alikula.

Kosa nililifanya siku moja mchana, mvi zishapita kidole na nusu. Siku hiyo kwa mara ya kwanza mistari ilikuwa ya kutazamika, na mie nilifurahi mno. Nikafunga ncha ya mwisho, nikafanya nilivyofanyiwa Ijumaa zote za maisha yangu. Nikachomoa kile kioo cha kijani chini ya mto wangu, ambako hakuna aliyekumbuka kukifunika, nikampa. "Haya bibi, mtazame mwenzako."

Alikipokea kwa mazoea tu. Akatazama. Akatazama tena, akakisogeza mbali kidogo, akagusa paji lake la uso. Kisha akasema, na hakuwa anasema na mie, "Mama yangu huyu." Akakilaza kioo mkekani kifudifudi, akavuta ushungi mpaka kwenye nyusi, akalala akielekea ukutani.

Toka siku hiyo bibi akabadilika. Kichwa hakunipa tena. Alikifunga kanga hata chumbani peke yake, na nikimkaribia na chanuo alisema kesho. Kandambili za alfajiri zikanyamaza. Wageni waliokuja kumfariji aliwajibu neno moja moja. Mama yangu alisema ni uchungu wa kufiwa, umemfika sasa. Mie nilijua ni kioo.

Na nilikuwa na balaa zaidi ya hilo. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiarabu, mtu mwema sana na mwenye maneno mengi, alikuwa ameniambia habari za mjane mmoja aliyeonekana dukani kwenye eda yake. Alisema ameiharibu, basi itabidi aanze upya, siku ya kwanza. Kwa hivyo hesabu yangu ilikuwa wazi: kama kutoka dukani kunaharibu, na kujitazama kioo kilichokatazwa nako kunaharibu. Nikisema, bibi atafungiwa miezi minne mingine kwa ajili yangu. Nisiposema, atatoka na eda mbovu na dhambi itakuwa juu yake, naye hajui. Nilibeba jambo hilo miezi miwili na zaidi. Nilikonda. Usiku nilikuwa naomba Mungu anihesabie mie, nikaona hata kumwomba hivyo ni ujanja.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa nyumba. Majani ya mkunazi yalichemshwa kwa ajili ya kumwogesha, udi ulifukizwa, kanga zikaondolewa viooni zikakunjwa. Jirani alikuja na mabakuli mawili ya hina, moja la mikono na miguu, moja kubwa la kichwa. Bibi alikuwa amekaa katikati yao ameoga, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mvi zilikuwa za vidole vitatu. Wakaniita nilete chanuo. Nikafika nalo, nikashindwa kulitoa, nikaanza kulia mbele ya watu wote.

Bibi akasema, "Tupisheni kidogo." Wakatoka, jirani wa mwisho.

Nikamwambia yote: kioo, mjane wa dukani, siku ya kwanza. Nilisema kwamba ni mie niliyefanya, na kama lazima aanze upya nitakaa naye, skuli sitokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko chake cha zamani, kilichokuwa kimepotea nyumbani kwetu toka babu hajazikwa.

"Kioo hakivunji eda, mwanangu. Hilo wametia wenyewe. Na jirani yako yule ana mdomo."

"Basi mbona ulinikasirikia?"

"Sikukukasirikia. Nilitishika." Akafuta machozi yangu kwa ncha ya ushungi wake. "Mama yangu nilimwacha gatini Unguja, na mvi zimemtoka hapa mbele. Alisema atafuata. Hakujaaliwa, na kaburi lake sijaliona. Na sura yake ilinipotea, unajua? Naitafuta, siipati. Miaka. Wewe ukaja ukanipa kioo, namwona huyo ananitazama. Nikamfunika kanga. Mama yangu mzazi, nikamfunika."

Nikamwegemea begani. Nilikuwa na miaka kumi.

Akawaita wanawake warudi. Hina ya mikono na miguu alikubali, wanja alikubali, udi walimfukiza mpaka tukakohoa. Bakuli la kichwa akalirudisha. Jirani akamwambia atazeeka miaka kumi kwa siku moja, mwanamke mzuri kama yeye. Mama yangu akamsihi, akalia. Bibi alisema kichwa ni chake na mvi zimekuja zenyewe, hazikutumwa na mtu. Akanipa mgongo nimsuke, hapo hapo mbele yao. Nikamsuka. Nilipomaliza aliunyoosha mkono nyuma akisubiri kioo, nami nikampa.

Alikaa nacho muda mrefu. Wanawake walidhani anautazama wanja. Mie nilikuwa nyuma yake, karibu na sikio, nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, kwa heshima yote, "Shikamoo, mama."

Asubuhi yake alikwenda zake falaji, mgongo umenyooka, na aliishi miaka mingi na kichwa cheupe mtaa mzima ukikijua. Sasa hayupo, jirani hayupo, na nyumba ya Ibra imefungwa. Wajomba wamejenga kwengine na funguo hatujui ziko kwa nani. Wanangu Kiswahili wanakisikia, wanajibu Kiarabu. Binti yangu akitaka kusukwa anaweka miadi saluni, na akimaliza fundi humpiga picha kwa simu.

Mwaka juzi mvi zangu zilipoanza, niliziacha. Wenzangu kazini wakanishauri, dada wa saluni akanibembeleza, nikawaambia nina shughuli nazo. Nikangoja zaidi ya mwaka bibi anitazame kiooni. Lakini mie kwa sura nimetoka upande wa baba, watu wote wanasema hivyo, pua, paji la uso, kila kitu. Nilitazama asubuhi, nilitazama jioni, hakuja mtu. Mwezi uliopita nikaenda nikapaka rangi.