Nilimwambia Asivuke Mstari wa Kodi

Mimi si msomi. Niliishia darasa la nane, na hata huo mtihani sikuupita vizuri. Lakini kwa ploti yetu ya vyumba vya kupanga, karibu na shamba la maua, upande wa Ndabibi, mimi ndiye nilikuwa nasomea watu karatasi za mshahara. Siku ya kulipwa walikuja nazo zimekunjwa mara nne, wakiniita mwalimu, huyu ameshika sukari robo, yule kabeji. Niliwaonyesha: hapa ni bima ya afya, hapa ni makato ya nyumba za serikali, hapa ni akiba ya uzee. Nilipenda sana kuitwa mwalimu. Wacha niliandike hilo kwanza, kwa sababu makosa yangu yalianzia hapo.

Ndugu yangu mdogo alikuwa anakata waridi shamba hilo hilo. Binti yake alikuwa ameingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, na karo ilikuwa inamnyima usingizi. Jioni moja alikuja kwangu mbiombio, hata gamubuti hajavua.

"Dada, wanataka kunifanya supavaiza."

Aliniambia mshahara mpya. Nilijua kuna mstari ambao serikali imeweka: ukiwa chini yake hulipi kodi ya mapato. Sisi wote wa ploti, wafanyakazi wa shamba, tulikuwa chini. Huo mshahara wake ulikuwa unauvuka, si kwa mbali.

"Usikubali," nikamwambia. "Ukivuka tu, kodi inakata zote. Utabaki na kidogo kuliko saa hii."

"Kweli?"

"Si unakumbuka maziwa ya baba?"

Alikumbuka. Kwetu Subukia, mtu wa kupima maziwa akiona yameganda kidogo kwa kijiko chake, alirudisha mkebe wote. Hata kama ni ya jioni tu yaliyoharibika, yakachanganywa na ya asubuhi, baba alibeba mkebe mzima mpaka nyumbani. Mimi niliona kodi ni vivyo hivyo, kwamba ikigusa imegusa yote. Sikuwa nimesoma mahali popote. Sikuuliza mtu. Nilikuwa na ule mkebe tu kichwani.

Ndugu yangu alicheka. "Basi wakae na usupavaiza wao. Mimi nibaki na mkebe wangu."

Asubuhi alikataa. Kazi ikapewa mwingine.

Maua yalipokosa soko, shamba lilipunguza watu. Siwezi kulisema vibaya, maana walimlipa kila kitu chake. Lakini wakataji ndio walitangulia kutoka, masupavaiza wakabaki. Ndugu yangu alienda Kaptembwo, mtaa wa mjini, akawa wa kuamka kutafuta mjengo, vibarua vya siku. Binti akaacha shule kidato cha pili.

Ukweli niliupata baadaye, nilipompeleka jirani kwa karani wa mishahara kulalamikia makato. Karani, msichana mpole tu, aliniuliza, "Mathe, huwa unanunua mahindi kwa gorogoro?"

"Kila wiki."

"Huo mkebe wa kupimia ukijaa, ile ya juu si inapanguswa na kijiti? Ya ndani haiguswi. Kodi ya mapato ni hivyo. Wanakata ile imepita mstari peke yake."

"Hata mtu akipita kidogo?"

"Hata kidogo. Hawezi kurudi na pungufu kwa sababu ya kodi."

Nilishika meza. Nadhani aliona ninataka kubishana, kwa hivyo akaendelea. Anayelipwa zaidi, sehemu yake ya juu inakatwa kwa asilimia kubwa zaidi, na kodi ya meneja pekee inashinda mshahara wangu wote. Nikauliza kuhusu afya na nyumba. Hizo hazina gorogoro, akasema, zinakata kuanzia shilingi ya kwanza, asilimia ile ile kwangu na kwa meneja. Na ya uzee ina kikomo, meneja akikifikia inasimama.

"Kwa hivyo hapo sisi ndio tunaumia?"

"Hapo, ndio. Kwa kodi, yeye."

Ninaandika yote mawili kwa sababu yote ni kweli. Lakini siku hiyo sikuwa namfikiria meneja.

Jumapili nilienda Kaptembwo. Nilimkuta ndugu yangu akiosha viatu kwa beseni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, mkebe na gorogoro.

"Kumbe ningebaki na zaidi," akasema.

"Ungebaki na zaidi."

"Karo ingetosha?"

Nilitaka kusema sijui.

"Ingetosha."

"Mwalimu," akasema. Aliendelea kusugua kiatu kilichokuwa kimeshatakata. Halafu akaniwekea chai, akacheka. "Lakini huku sikatwi hata senti, dada. Mimi niko chini ya mstari kabisa."

Pengine wangemfuta hata angekuwa supavaiza. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini yule aliyepewa kazi bado yuko, na mimi humsalimia kila asubuhi.

Mwaka huu binti ameingia kukata waridi, na anaishi kwangu. Siku ya mshahara wake wa kwanza alileta karatasi. Anasoma kunishinda, lakini alisema, "Baba amesema wewe ndiye husoma."

Nilisoma: afya, nyumba, uzee. Nilipofika kwa kodi, nikasimamisha kidole.

"Hapo ni sufuri, anti," akanisaidia. "Hawajanikata. Si ni vizuri?"

Vidole vyake vilikuwa na alama za miiba. Nikaanza kumweleza habari ya gorogoro, pole pole, nisiache kitu, mpaka chai ikapoa. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeambiwa habari za nchi ya mbali.

"Nimeelewa," akasema, akiikunja karatasi mara nne. "Lakini anti, gorogoro yangu hata nusu haijafika."