Mchezo wa Redio wa Dada Zubeda

Harufu ya mkoba wa ngozi wa redio, uliopashwa joto na jua la Kondoa, hunirudishia wivu hadi leo. Msimu ule wa mavuno ya uwele, kila Jumapili baada ya sala ya alasiri, baba aliitoa redio uani akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na majirani wakaja na mikeka yao kumsikiliza dada yangu. Zubeda alikuwa akisoma Dodoma mjini, kwa shangazi. Huko alichaguliwa kuigiza katika mchezo wa redio, akawa Mwajuma, binti anayetoroka nyumbani asiozwe kwa nguvu. Mimi nilibaki nikitwanga, nikipepeta na kuchuma mlenda, makapi yakiniwasha shingoni.

Walimsifu hadi nikachoka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikaa nikiyangoja maji hayo. Lakini kila wiki Zubeda aliigiza vizuri zaidi. Siku Mwajuma alipomuaga mama yake mlangoni, mama yetu alijifunika uso kwa kanga akalia. Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, viganja vimejaa malengelenge ya mchi, na sikukumbuka hata mara moja aliyowahi kunililia mimi. Tangu hapo nikayakariri maneno yote ya dada. Nikiwa peke yangu shambani nawafukuza ndege, niliyasema kwa sauti, nikishindana naye bila yeye kujua.

Mwaka huu mjukuu wa shangazi alikuta kanda kuukuu ndani ya sanduku la marehemu bibi yake, akaihamishia kwenye simu. Zilikuwamo sehemu mbili za mwanzo tu. Nyingine hakuna ajuaye zilikopotelea. Tulikusanyika nyumbani kwa Zubeda, Dodoma, pamoja na wajukuu, tukasikiliza. Sauti ile ilitoka nyororo, haina mkwaruzo, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nikajikuta nikishindana naye kimoyomoyo kama zamani. Mchezo ulipokatika, watoto walitaka kujua Mwajuma aliishia wapi. Zubeda alifikiri sana, akatikisa kichwa.

"Nimesahau, mdogo wangu. Wewe unakumbuka?"

Nilikumbuka yote. Nikawasemea sehemu kwa sehemu, hadi Mwajuma anaporudi na kumkuta mama yake hajiwezi kitandani, na hapo nikadhani nimeshinda. Mjukuu wangu mdogo alisubiri nimalize kwa adabu, kisha akasema, "Bibi, turudishie ya kwenye simu. Yule dada anasema vizuri."

Watoto wakaizunguka simu, mchezo ukaanza upya. Zubeda, ambaye ugonjwa wa koo umemwachia sauti ya kukwaruza, alisogea karibu yangu.

"Yule msichana," alininong'oneza, "hata mimi namwonea wivu."

Wakati ule ningefurahi kusikia kwamba Zubeda naye ana wa kumwonea wivu. Sasa nilimshika mkono tu, wazee wawili, tukimsikiliza msichana ambaye hakuna kati yetu aliyemfikia.